Raki ya ukutani ya mipira, njumu na raketi: pima mpira kwanza, mbao baadaye

#1 Randa Kali (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Shule zikikaribia kufungwa huwa napata oda za aina moja. Mzazi anataka mipira itoke chini ya meza, njumu zitoke mlangoni, raketi ziache kukaliwa kwenye kochi. Anakuja na picha kwenye simu: kimbao chembamba ukutani, matundu matatu, mipira mitatu imetulia. "Fundi, hii unaiweza?" Naiweza. Ila ile ya kwenye picha ukiishushia futi, mara nyingi haibebi mpira namba 5 sawasawa. Leo nataka nieleze kwa nini, halafu nishushe vipimo ninavyotumia mimi, mwenye msumeno wake nyumbani ajifanyie.

Nitatumia kazi niliyomaliza juzi kwa mteja wa Tabata. Watoto watatu, mipira miwili ya futiboli na mmoja wa netiboli, njumu jozi mbili, glovu za kipa, raketi mbili za badminton. Nyumba ni ya kupanga, kwa hiyo raki lazima ihamike na mwenye nyumba asipate cha kusema.

Tuanze na mpira. Sheria za soka zinataka namba 5 uwe na mzingo wa sentimita 68 hadi 70. Gawa kwa 3.14, unapata kipenyo cha kama 22, nusu yake 11. Hiyo 11 ndiyo namba ya kuandika kabla hujanunua hata ubao mmoja. Katikati ya tundu pakiwa karibu na ukuta kuliko sentimita 11, tumbo la mpira linagusa ukuta kabla mpira haujazama kwenye tundu lake. Unabaki umeegemea, umekalia ukingo wa mbele tu, mlango ukibamizwa unashuka.

Sasa watu wananunua moja kwa nane, yaani ubao wa unene inchi moja na upana inchi nane, ambao ukipigwa randa upana unabaki kama sentimita 19, wanatoboa katikati kabisa. Yaani 9 na nusu kutoka ukutani. Hapo kazi imeshaharibika kabla keekee haijawashwa.

Mimi katikati ya tundu naweka sentimita 12 kutoka ukutani. Mpira wa netiboli una mzingo wa 69 hadi 71, unaingia humohumo. Ubao ni moja kwa kumi, ukirandwa unabaki kama 24, kwa hiyo 12 inaangukia katikati. Tundu lina kipenyo cha 15. Mpira unazama kama sentimita 3, ubao una unene wa 2, ukipapasa kwa chini unakuta mpira umechungulia sentimita moja. Mbele na nyuma ya kila tundu inabaki mbao ya 4 na nusu. Urefu wa ubao ni 90, alama za katikati ya matundu ziko 18, 45 na 72, mipira haigusani.

Naendelea na sehemu ya chini baadaye, kuna mteja hapa. Karibuni.

#2 Mpiga Vyenga

Nimekaa pale nasubiri picha.

#3 Mama Kipa

Asante fundi, uzi umekuja wakati mzuri. Mimi wa kwangu mkubwa anacheza kikapu, mdogo ndiye kipa. Hiyo 12 inatosha mpira wa kikapu au nitapigiwa kelele?

#4 Randa Kali

Dada yangu Mama Kipa, haitoshi. Mpira wa kikapu namba 7 una kipenyo cha sentimita 24 na ushee, nusu yake inapita 12, utagusa ukuta. Usibadilishe matundu. Mwambie fundi apige papi, yaani kipande chembamba cha mbao, yenye unene wa sentimita moja na nusu nyuma ya ubao ili ubao mzima usogee mbele. Matundu yanabaki katikati, mbele hapapungui.

Kwa mpira wowote usioujua: zungushia uzi, pima uzi kwa futi, gawa kwa 6.28, ongeza sentimita moja. Hapo ndipo katikati ya tundu panapokaa.

#5 Kijana wa Kisauni

Salaam kutoka Mombasa. Fundi, mbona wajipa kazi ya matundu? Mimi nishaweka fito mbili tu za mbao, zimelala sambamba, moja karibu na ukuta, nyingine mbele, nafasi kati yake sentimita 15. Mipira yakaa juu kama treni. Huhitaji msumeno wa umeme wala nini. Mbao nilitoa kwenye paleti, hapa karibu na bandari paleti ziko tele.

Lakini ukichukua paleti angalia muhuri wake. Paleti za mizigo ya kimataifa zagongwa alama. Ukiona HT, ilitiwa joto kuua wadudu, hiyo sawa. Ukiona MB, ilipigwa gesi ya methili bromidi, hiyo iache hapohapo, usiingize ndani watoto wachezee. Na isiyo na muhuri wowote mimi siibebi.

#6 Mpiga Vyenga

Kijana wa Kisauni, huko kwenu mbao si zilipanda bei mpaka watu wakasahau habari za mbao?

#7 Kijana wa Kisauni

Zilipanda kweli. Ukataji wa miti kwenye misitu ya serikali ulipigwa marufuku 2018, ikaondolewa 2023, katikati hapo kila mtu akawa rafiki wa paleti. Mimi mazoea yameniganda.

#8 Randa Kali

Kisauni umenena. Fito mbili zinafanya kazi vizuri, na kwa asiye na jigso, ule msumeno mdogo wa umeme wa kukatia mizunguko, ni njia ya haraka kuliko yangu. Jambo moja: weka vizuizi huku na huku mwishoni, maana mpira mmoja ukichukuliwa, waliobaki wanajiviringisha. Na hesabu ya ukuta haibadiliki, katikati ya zile fito bado ni 12. Wateja wangu wanataka matundu kwa sababu ya picha. Mteja akishaona picha, ndugu yangu, humtoi.

Sasa sehemu ya chini.

Chini ya ubao wa mipira kuna ubao wa pili umesimama wima, moja kwa nane, urefu uleule wa 90. Huu ndio unaobeba vigingi. Ubao wa mipira umekaa juu yake, na pembeni mwa tundu la katikati, huku na huku, nimepiga vikono viwili vya pembetatu: kimo 15, kina 18. Vipo sentimita 31 na nusu na 58 na nusu, yaani katikati ya tundu na tundu, ili mpira usikanyage kikono.

Vikono hivyo nitavisemea zaidi kwa sababu ndipo kazi nyingi zinapofia. Mpira una gramu 410 hadi 450. Mitatu haifiki kilo moja na nusu, hata gundi peke yake ingebeba. Tatizo si mpira. Tatizo ni mtoto wa kilo 25 anayeruka kuuchukua na kujining'iniza mbele ya ubao, sentimita 24 kutoka ukutani. Kwa hiyo kikono usikikate hovyo kutoka kwenye kipande kilichobaki. Angalia nyuzi za mbao zinakoelekea. Zinatakiwa zikimbie sambamba na ule upande mrefu wa mshazari. Nyuzi zikilala sambamba na ukingo mmojawapo mfupi, ile ncha nyembamba inakuwa na nyuzi fupifupi, inachanika siku ya kwanza mtoto akining'inia. Unaweza kuijaribu kwenye mabaki: kata pembetatu mbili, moja hivi moja vile, zibane kwenye jiriwa, zigonge kwa nyundo ncha zake. Moja itabaki nzima, nyingine itakuachia ncha sakafuni.

Vigingi: mpini wa fagio wa mbao ngumu, au mabaki ya mninga yaliyochongwa mviringo, kipenyo sentimita 2. Tundu lake linatobolewa likiwa limeinama kidogo ili kigingi kitazame juu, digrii 10 hadi 15. Kigingi kinatoka nje sentimita 14. Njumu moja kigingi kimoja, mdomo wa kiatu unaingia kwenye kigingi, soli inatazama nje. Usizining'inize kwa kamba zake. Kamba zinakatika, na kiatu kikifunga mdomo hakikauki ndani.

Raketi za badminton: vigingi viwili vifupi, nafasi kati yake sentimita 3, shingo inapita katikati, kichwa kinakaa juu. Raketi ya tenisi ni rahisi zaidi, ile pembetatu ya shingoni inavikwa kigingi kimoja tu.

Glovu za kipa zina vigingi vyake, kila glovu kimoja, viganja vikitazama nje. Mama Kipa atanielewa, glovu mbili zikigandamana viganja kwa viganja zikiwa na unyevu, ule mpira laini wa viganjani unanyofoka siku ya kuzitenganisha.

#9 Mama Kipa

Nimekuelewa mno. Na harufu?

#10 Randa Kali

Harufu ni unyevu, dada. Ndiyo maana sitengenezi kabati la njumu, hata mteja akisisitiza namshauri aache. Kabati lenye mlango linafuga harufu. Ukitaka rafu ya chini ya kuwekea viatu, tumia chaga za kitanda cha zamani, kila nyumba ina chaga zimelala uvunguni. Zipange ukiacha nafasi ya sentimita moja na nusu, tope likauke lidondoke, hewa ipite kutoka chini. Weka zulia kuukuu chini yake.

#11 Mzee wa Nyanda za Juu

Vijana hamjambo. Mnaongelea vipimo vizuri lakini hakuna aliyeuliza mbao imekauka au la. Mimi niko huku Mafinga, mbao ndiyo ugali wetu. Paina inayopakiwa malori kwenda Dar nyingine imepasuliwa juzijuzi tu, bado inalia maji. Ukitoboa tundu la mviringo wa 15 kwenye mbao mbichi, baada ya miezi kadhaa utalikuta limekuwa yai. Mbao husinyaa kwa upana, kwa urefu haisinyai cha kuonekana. Na ubao mpana wa inchi 10 hujikunja kama kigae.

#12 Randa Kali

Shikamoo mzee. Umesema kweli tupu, wasikie.

#13 Mpiga Vyenga

Mzee shikamoo. Sasa sisi tusio na kile kipimo cha unyevu tutajuaje imekauka?

#14 Mzee wa Nyanda za Juu

Marahaba. Huhitaji kifaa. Nunua mbao, zipange kivulini zikiwa zimetenganishwa na vijiti ili hewa ipite, zisiguse sakafu. Chukua moja, nenda nayo dukani kwa mwenye mizani, ipime, andika uzito kwa penseli kwenye mbao yenyewe. Wiki ijayo pima tena. Uzito ukishuka, bado. Ukiacha kushuka wiki mbili tatu mfululizo, imeshakauka kadiri hewa ya kwenu inavyoruhusu, anza kazi. Kwa Dar yenye joto la unyevunyevu itasimama mapema lakini haitakauka kama ya Dodoma.

Jambo la pili. Zile mbao zenye rangi ya kijani kijani zimetiwa dawa, nyingi ni ya shaba, kromiamu na aseniki. Kwa paa ni nzuri. Kwa kitu kitakachoshikwa na watoto kila siku mimi nisingeitumia. Na vipande vilivyobaki visiingie jikoni kuwa kuni, moshi wake una sumu.

#15 Bwana Mninga

Wakuu, naona mnahangaika na paina wakati mninga upo. Mninga ukikauka hautembei, hauliwi ovyo na mchwa, ukiupaka mafuta unang'aa wenyewe. Raki ya mninga mjukuu atairithi. Paina ni ya kufungia zege.

#16 Randa Kali

Bwana Mninga nakuheshimu, na mimi meza yangu ya kulia ni mninga. Lakini raki ya kuwekea mpira wenye tope? Mtoto akifikisha miaka 15 ataitaka ya aina nyingine. Ubao wa mninga wa inchi 10 usio na mafundo siku hizi ni wa kutafuta kwa tochi, na bei yake unaijua. Mimi natumia paina kwa ubao, mninga au mkongo kwa vigingi na vikono tu, panapohitaji ubishi. Mabaki hayo kwa maseremala wa Keko unaokota kwa bei ya soda.

Na ukirandia mninga au mvule vaa barakoa. Vumbi lake linawasha pua na kifua, kuna mafundi wenzangu hawawezi tena kuushika.

#17 Bwana Mninga

La vumbi nakubali. La paina sikubali hadi kiama. Hata hivyo, anayenunua mbao za asili adai risiti na kuangalia kama zimegongwa alama ya nyundo ya watu wa Misitu. Usije ukabeba mzigo kwenye bodaboda ukasimamishwa njiani huna karatasi.

#18 Mpangaji Sugu

Fundi twende kwenye ukuta sasa. Mimi ukuta wangu ukipiga msumari lipu inamwagika mchanga mtupu. Tofali lenyewe nadhani walipima saruji kwa kijiko. Raki itashika?

#19 Randa Kali

Mpangaji, swali lako ni la nyumba nusu ya Dar.

Kwanza achana na misumari. Pili, lipu haibebi kitu. Lipu ni sentimita moja na nusu mpaka 2, na watu wanatumia fisha (kile kiplastiki kinachoingia tunduni kushika skrubu) fupi na skrubu fupi, kwa hiyo kila kitu kinaishia kwenye lipu, ikitoka inatoka na bamba zima. Hesabu hivi: mbao 2, lipu 2, halafu sentimita 5 ziingie kwenye tofali. Skrubu inakuwa ya 9. Keekee namba 8, fisha namba 8, na fisha isukume mpaka ivuke lipu iingie kwenye tofali, isiishie usawa wa rangi. Kwenye tofali la mchanga mwingi zima ule mtikisiko wa nyundo wa keekee, toboa taratibu kwa mzunguko tu. Mtikisiko unalimung'unya tofali, tundu linakuwa kubwa kuliko fisha. Ukimaliza puliza vumbi litoke, vumbi likibaki fisha inateleza.

Halafu sipigi raki yenyewe ukutani. Napiga ubao mmoja wa kushikia, upana kama sentimita 6, urefu 85, ambao ukingo wake wa juu umekatwa mshazari wa digrii 45, ule mkato ukiinamia ukutani. Nyuma ya raki kuna wenzake, ukingo wake wa chini umekatwa vilevile lakini kinyume. Raki unaiinua, unaishusha, inajinasa yenyewe, uzito unaivuta kuelekea ukutani. Ubao wa mipira nyuma unafunika lile pengo, huoni kitu. Ubao wa kushikia unapata skrubu nne zimeachana, kwa hiyo tofali moja bovu halikuangushi. Chini ya raki nyuma gundisha kipapi chenye unene uleule ili isimame wima.

Siku ya kuhama unainua raki, unafungua skrubu nne, unaziba kwa lipu kidogo na rangi. Kwenye kazi ya Tabata mwenye nyumba alikuja wakati natoboa, akakagua, akaondoka na oda yake.

Kabla hujatoboa: usitoboe juu au chini ya swichi na soketi kwa mstari ulionyooka, nyaya huwa zimepita hapo ndani ya ukuta. Ukuta wa bafuni nyuma yake, uliza mabomba yamepita wapi.

#20 Mpangaji Sugu

Na mwenye nyumba aliyeandika kwenye mkataba hakuna kutoboa?

#21 Randa Kali

Huyo muwekee raki ya kusimama. Miguu miwili ya mbili kwa mbili mpaka sakafuni, raki ileile imefungwa kwenye miguu, imelala ukutani kidogo. Uzito wote unakwenda sakafuni. Tatizo ni juu, mtoto akiivuta inamjia, kwa hiyo ingiza miguu nyuma ya kabati zito au kitanda, au mwombe mwenye nyumba skrubu moja tu. Zile za kubandika kwa gundi kwenye rangi usijaribu. Rangi itabanduka na raki, na hapo mkataba utasomewa mpaka mwisho.

#22 Mtoto wa Mji Mkongwe

Assalaam alaykum. Sisi huku Unguja ukuta wetu ni wa mawe na chokaa, unene wake nusu mita na zaidi, ukitoboa hujui kama utapata jiwe au utapata unga. Nyumba ya babu ina zidaka, zile rafu zilizochimbwa ndani ya ukuta, mipira miwili ya wanangu tumeiweka humo, namba 5 inaingia bila taabu, wazee walijua. Lakini njumu za skuli na raketi hazina pa kwenda. Fundi, fisha zako hizi zitashika kwenye chokaa?

#23 Randa Kali

Waalaykum salaam sheikh. Zidaka hizo usizibadilishe na kitu.

Kwenye chokaa fisha ya plastiki inazunguka tu. Tumia kabari ya mbao, dawa ya zamani: toboa tundu pana la sentimita 2, refu 8 au 10, bila mtikisiko, chonga kigingi cha mbao ngumu iliyokauka kabisa, kiwe kinene kidogo kuliko tundu, kigonge mpaka kilale usawa wa ukuta. Skrubu inaingia kwenye kigingi. Ukikuta unga mtupu, hama sentimita 10 utafute jiwe, ule ubao wa kushikia hauna masharti ya wapi skrubu zikae. Na huko kwenu na chumvi ya bahari nunua skrubu za shaba au stenlesi. Za kawaida zitaota kutu, ziache michirizi ya kahawia kwenye chokaa nyeupe.

#24 Mtoto wa Mji Mkongwe

Allah akujaze kheri. Kabari ya mbao hata marehemu babu alitumia kwa mapazia, sikuwahi kufikiria.

#25 Mswahili wa Minneapolis

Wakuu nawasoma kutoka kwenye theluji. Kuta za huku ni jipsamu, na naona hata nyumba mpya za ghorofa Dar zina vyumba vya jipsamu. Jipsamu peke yake haibebi mtoto. Nyuma yake kuna nguzo za mbao zimesimama, huku kwa kawaida kila inchi 16, kama sentimita 40. Pita na sumaku ndogo ukutani, itanasa kwenye vichwa vya skrubu za jipsamu, hapo ndipo nguzo ilipo. Ubao wa kushikia wa fundi wa sentimita 85 unapata nguzo mbili, mara nyingine tatu. Skrubu inaingia nguzo, fisha haihitajiki. Huku mimi nimepachika magongo ya hoki ya barafu, yale yana mkunjo mwishoni, unaweka vigingi viwili na mkunjo unalala juu yake.

Ila fremu zenu nyingi Dar ni za bati jembamba, siyo mbao. Hapo nawaachia wenyewe.

#26 Randa Kali

Sahihi. Kwenye fremu ya bati, mwambie fundi wa jipsamu kabla hajafunika aweke mbili kwa nne imelala ndani, mahali raki itakapokuja. Ukuta ukishafungwa, weka raki ya kusimama kama ya Mpangaji, usibishane nao.

Mswahili, nguzo mbili zikiwa katikati ya ubao tu, mtoto akining'inia mwisho mmoja raki inataka kuinuka upande wa pili. Tafuta ziwe karibu na miisho.

#27 Mama Kipa

Fundi, nani anatoboa matundu ya 15? Fundi wa mtaani kwangu ameniangalia kama nimemtukana.

#28 Randa Kali

Hahaha. Anadhani unataka lile bilauri la kutobolea, msumeno wa duara unaofungwa kwenye keekee, la ukubwa huo ni adimu na ghali. Mwambie hivi: msumari katikati, uzi, penseli, uzi uwe sentimita 7 na nusu, achore duara. Atoboe tundu dogo ndani ya mstari kwa keekee, aingize jigso, azunguke akiwa ndani ya mstari milimita moja, amalizie kwa tupa ya mbao. Asiye na jigso anatumia msumeno mwembamba wa upinde, atachelewa tu. Halafu ukingo wa juu wa tundu auzungushie tupa mpaka uwe mviringo, asiuache mkali. Mpira unaokaa miezi kwenye ukingo mkali unapata alama. Msasa 80, kisha 120, kisha 180, basi.

Urefu wa kuipachika: ubao wa mipira uwe usawa wa bega la mtoto mdogo. Ukiweka juu kwa ajili ya uzuri wa chumba, mipira itarudi chini ya meza, na wewe utabaki na pambo.

#29 Bwana Mninga

Rangi gani? Na usiniambie rangi ya mafuta.

#30 Randa Kali

Vanishi ya maji, mikono miwili mitatu, msasa laini kati ya mkono na mkono. Halafu isubiriwe wiki nzima kabla mipira haijapanda. Ngozi ya mpira wa kisasa ni plastiki, ikikutana na vanishi ambayo haijaiva inagandamana nayo.

Wewe na mninga wako paka mafuta ya kitani, yanapendeza. Ila vitambaa ulivyopakia usivikunje ukavitupa kwenye ndoo. Vitambaa vyenye mafuta ya kitani vinapata joto vyenyewe vikikauka, vinaweza kushika moto bila kiberiti. Vitandaze nje kimoja kimoja mpaka vikakamae.

#31 Mpiga Vyenga

Picha bado nasubiri. Na swali la mwisho: pampu na ile sindano yake zinakaa wapi? Kwetu sindano ndiyo inayopotea kuliko mpira.

#32 Randa Kali

Picha nitaweka mteja akiruhusu, ni sebuleni kwake. Pampu inakaa kwenye kigingi cha pembeni. Sindano: kwenye uso wa ubao wa wima, pembeni, toboa vitundu vitatu kwa keekee namba 3, viiname kidogo kama vigingi. Sindano inaingia upande wake mwembamba, kichwa kinabaki nje. Ninaweka vitatu kwa sababu mwenye nyumba akishaona mahali pake hununua za akiba.